Gari Kuukuu na Ufundi wa Kuchomelea

Tuseme, msomaji, ya kuwa nyumbani kwenu ni Kiamunyi, magharibi ya mji wa Nakuru, kando ya barabara iendayo Kabarak na Eldama Ravine. Nyuma ya nyumba, chini ya mti, limesimama gari kuukuu la babu yako. Ni Peugeot 404, aina ile ile iliyoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Injini yake bado huunguruma ikibembelezwa, lakini kutu imekula milango, na ukiinua zulia waona majani kupitia sakafu. Baba ataka kuliuza kwa mizani kama chuma chakavu. Fundi wa mjini ataka ujira uzidio thamani ya gari lenyewe. Nawe wajiuliza: je, nijifunze kuchomelea chuma ili nilitengeneze mwenyewe?

Swali hili laonekana dogo, la nyumba moja. Lakini ndani yake mna swali kubwa ambalo nchi yetu imejiuliza kwa zaidi ya miaka mia moja: mkono wa fundi una thamani gani? Historia haitakuamulia la kufanya, ila yaweza kukupa mizani ya kupimia.

Chuma hakikuletwa katika nchi hii na gari la moshi. Kabla ya reli, wahunzi wa Kikuyu walikusanya mchanga wenye chuma, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua mapanga na mikuki. Wamasai, waliolisha ng'ombe wao katika nyanda hizi za Nakuru kabla ya mkataba wa 1904 kuwahamisha, walikuwa na wahunzi wao walioitwa Ilkunono. Hebu lifikiri jambo hili: shujaa hakuweza kwenda vitani bila ya mkuki wa Ilkunono, walakini hakukubali kuoa binti yao. Watu waliokihitaji chuma walimdharau akifuaye. Dharau hiyo tutakutana nayo tena.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nakuru mwaka 1900, na mwishoni mwa 1901 ikafika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na miongoni mwao walikuwamo wahunzi, maseremala na waashi. Madaraja ya siku zile yaliunganishwa kwa ribiti, yaani misumari minene iliyotiwa ikiwa moto kisha ikagongwa vichwa. Uchomeleaji wa umeme ulikuwa umekwisha kubuniwa Ulaya katika miaka ya 1880 na Nikolai Benardos wa Urusi, lakini ulikuwa bado mchanga. Mwaka 1903 Wafaransa wawili, Edmond Fouché na Charles Picard, walitengeneza mrija wa kuchomelea kwa gesi za asetilini na oksijeni, ambao moto wake hupita nyuzi 3,000 za Selsiasi. Chuma cha pua huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Karibu na wakati huo Oscar Kjellberg wa Uswidi alibuni ujiti wa chuma uliopakwa dawa, ambayo ikiungua huukinga mshono usiharibiwe na hewa. Ukipita leo katika karakana yoyote ya Nakuru, cheche uzionazo ni uzao wa kazi ya watu hao.

Sasa tutazame elimu. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi huko Kabete ili kuwafunza vijana wa Kiafrika useremala, uashi na uhunzi. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika ya Mashariki, ikashauri Waafrika wapewe zaidi elimu ya mikono na kilimo. Shauri hilo halikuwa baya lote, lakini wazazi wengi walilishuku, na hawakuwa wajinga. Waliona ya kuwa mtoto wa Mzungu alifundishwa vitabu ili atawale, na mtoto wao alipewa nyundo ili atumike. Waliona pia kuwa mshahara ulipimwa kwa rangi ya ngozi. Kwa hiyo kalamu ikawa alama ya uhuru, na nyundo ikawa alama ya utumwa. Mzazi akuambiapo leo, "Soma usije ukawa fundi wa kando ya barabara," pengine hajui ya kuwa asema kwa kinywa cha jeraha la zamani.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, na shule zikaongezeka kuliko kazi za ofisini. Mwaka 1964 liliundwa Shirika la Huduma ya Vijana wa Taifa, ambalo lina chuo chake Gilgil, si mbali na Nakuru. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza vijana watafanya nini baada ya shule, na kutokana nayo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Wakati huo huo mafundi wengine hawakungoja chuo. Walijifunza kwa kumtazama bwana wao, wakafanya kazi chini ya jua bila ya paa, wakaitwa jua kali. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliandika juu ya Kenya, wakasema kuwa kazi hizi ndogo zina faida na hazistahili kufukuzwa. Mwaka 1992 serikali yenyewe ilitoa waraka wa kukuza kazi za jua kali. Ilichukua miaka mingi kwa watu wakubwa kuona kilichokuwa mbele ya macho yao. Wahenga walikwisha kusema: usione vyaelea, vimeundwa.

Je, gari kuukuu laweza kuleta heshima? Mkumbuke Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia katika kazi ya umakanika. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia mashindano ya Safari kwa Volvo iliyokwisha kutumika, si gari jipya la kiwanda, nao wakashinda. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Alijua kuliongoza gari, na alijua pia kilichomo ndani yake.

Lakini, msomaji, nisikuongoze kwa mifano ya ushindi peke yake. Katika Vita vya Pili vya Dunia Marekani iliunda meli 2,710 za aina ya Liberty, na badala ya ribiti ikatumia uchomeleaji, ili kazi iende upesi. Nyingi zilifanya kazi njema, lakini baadhi zilipasuka. Mwezi Januari 1943 meli ya mafuta iitwayo Schenectady, iliyoundwa kwa njia hiyo hiyo, ilipasuka karibu ikatike vipande viwili ingali imefungwa gatini katika maji matulivu. Uchunguzi ulilaumu uchomeleaji mbovu, na baadaye wataalamu wakafahamu kuwa chuma chenyewe kilikuwa chepesi kupasuka wakati wa baridi. Fundisho lake ni hili: mshono waweza kupendeza machoni na kuficha mauti ndani yake.

Fundisho hilo lahusu gari la babu. Magari ya kwanza yalikuwa na chesisi nzito chini, na bodi iliwekwa juu yake kama nyumba juu ya msingi. Mwaka 1934 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilitoa gari ambalo bodi yake yenyewe ndiyo mifupa yake, na magari mengi yalifuata njia hiyo, na Peugeot 404 pia. Hivyo kutu ya mlango ni aibu tu, lakini kutu ya sakafu na ya kingo zilizo chini ya milango ni ugonjwa wa mifupa. Kuifunika kwa bamba na rangi si kuiponya. Hapana budi kukata mpaka ufikie chuma kizima, kisha kuunga bamba jipya. Na bamba la gari ni jembamba, aghalabu halifiki hata milimita moja. Mkono usiozoea hulitoboa badala ya kuliunga.

Basi nitakupa shauri langu. Tenganisha maswali mawili uliyoyafunga pamoja. Swali la kwanza ni la gari. Chukua nyundo ndogo na brashi ya waya, ulale chini, ugonge kila mahali. Ukikuta mifupa imekwisha, liache liende kwenye mizani, wala usilie. Swali la pili ni la ufundi, na hilo halitegemei gari. Kama moyo wako wapenda kazi hiyo, jifunze, chuoni au kwa fundi mwaminifu. Anza na vipande vya chuma chakavu. Ukiisha kuunga viwili, vivunje utazame ndani. Fuata na lango, kisha mkokoteni. Mlango wa gari uje baada ya hayo, na mifupa yake uiguse fundi aliyekomaa akiwa kando yako. Vaa kinga ya uso kila mara, maana mwanga ule huchoma macho. Usivute moshi wa mabati. Wala usichomelee karibu na tangi la petroli, hata likiwa tupu, kwa kuwa mvuke wake hulipuka.

Huenda hesabu ya fedha ikaonyesha hasara. Mashine, vijiti na umeme vyaweza kukugharimu kuliko ujira wa fundi yule wa mjini. Ikiwa wataka gari tu, mlipe yeye. Lakini gari likiisha kuoza, mkono uliojifunza hubaki na mwenyewe.

Na ukiamua kutojifunza, usiondoke ukiwa na dharau. Siku utakapopita kwa fundi wa jua kali kando ya barabara ya Kiamunyi, amekunja magoti, uso umefichwa, cheche zamrukia miguuni, kumbuka shujaa yule aliyeuchukua mkuki akamkataa mhunzi. Kuwa na kalamu mkononi si sababu ya kumdharau mwenye nyundo.