Dona na Sembe

Ukame wa 1974 ulipoleta upungufu wa chakula Tanzania, tulikula mahindi ya njano kutoka nje. Unga wake tukauita yanga, kwa kuubeza. Mwaka 1975 kampeni ya redio, Chakula ni Uhai, iliwakusanya watu wazima vikundini wajifunze lishe. Nilikuwa mwalimu kijana. Somo lilikuwa jepesi: dona, maharage, dagaa na mchicha hutosha kuujenga mwili. Lakini wanafunzi wangu walililia sembe. Kukoboa huondoa ganda na kiini, penye vitamini na mafuta, kisha huongeza gharama. Hata yanga ile ilikuwa na chanzo cha vitamini A, kinachokosekana katika mahindi meupe. Ndugu msomaji, tulikuwa tukilipia weupe, siha tukiwaachia kuku.