Imani na Mwiko: Dhana ya Hulka ya Binadamu katika Fikra za Julius Nyerere, 1962–1973

Mwaka 1962, miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika, Julius Nyerere alichapisha insha iliyoueleza ujamaa kuwa ni msimamo wa moyo. Kwa mujibu wa insha hiyo, mjamaa hatambuliwi kwa kiasi cha mali aliyonayo, bali kwa namna anavyoitumia. Tajiri aweza kuwa mjamaa, na fukara aweza kuwa mnyonyaji anayengoja nafasi. Msingi wa hoja hii ni dhana mahususi ya hulka: mtu hulimbikiza kwa sababu anaihofia kesho, na jamii inayomhakikishia riziki humwondolea hofu hiyo. Tiba ya uchoyo, basi, ilikuwa elimu.

Makala haya yanajenga hoja kwamba matukio ya miaka iliyofuata yaliitikisa dhana hiyo, na kwamba Nyerere aliirekebisha kwa njia mbili zisizolingana.

Tikiso la wazi lilitokea Oktoba 1966, wanafunzi wa elimu ya juu jijini Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, likiwemo la kukatwa sehemu ya mishahara yao. Nyerere aliwafukuza wanafunzi karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hatua hii ya pili ndiyo yenye uzito zaidi kifikra, kwa kuwa ilikiri kwamba tamaa ilikuwa imekaa pia katika ngazi za juu za dola, miongoni mwa watu wasiokuwa na sababu ya kuihofia kesho.

Marekebisho ya kwanza yalikuja na Azimio la Arusha, Februari 1967. Kiongozi alikatazwa kumiliki hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Imani haikuachwa, lakini iliwekewa mwiko. Ilikubalika kwamba hata mtu mwema huhitaji uzio.

Marekebisho ya pili yaliwahusu wakulima. Andiko la Nyerere la Septemba 1967 kuhusu ujamaa vijijini lilisisitiza kwamba watu waingie vijijini kwa hiari. Mwaka 1973 kuishi vijijini kulifanywa kuwa amri, na operesheni zilizofuata ziliwahamisha mamilioni ya watu, baadhi yao kwa nguvu.

Hatua hizi mbili hazipaswi kuhesabiwa kuwa ni moja. Miiko ya Arusha ilimfunga aliyeomba madaraka, naye aliweza kuyaacha akabaki na mali yake. Amri ya vijiji ilimfunga asiyeomba lolote, na hakuwa na mlango wa kutokea. Ya kwanza ilitokana na shaka juu ya hulka ya mwenye nguvu. Ya pili ilimtwika mnyonge shaka hiyo hiyo, huku mtendaji aliyeisimamia akiaminiwa kupita kiasi.

Mwaka 1991 uamuzi wa Zanzibar wa Chama cha Mapinduzi uliilegeza miiko ya viongozi, na mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Kutungwa kwa sheria hiyo kunaonyesha kuwa swali la 1967 lilikuwa bado hai: nani awekewe uzio, na nani aaminiwe kuulinda.