Malezi ya Watoto katika Dubai ya Kale

Kabla ya mafuta kuvumbuliwa mwaka 1966, Dubai ilipokuwa bandari ya wazamiaji lulu, akina baba wengi waliabiri kila kiangazi kwa takriban miezi minne, wakawaachia mama na bibi elimu ya awali ya mtoto, yaani kauli njema, adabu na sala. Kisha mwana akapelekwa kwa mutawwa, mwalimu wa Kurani, kuhifadhi Kurani kwa sauti, kama vyuoni kwetu Lamu. Hata Madrasa ya Al Ahmadiya, iliyoasisiwa Deira mwaka 1912 kwa jina la tajiri wa lulu, Sheikh Ahmed bin Dalmouk, haikulibatilisha darasa la nyumbani la mama na bibi, ambalo, kwa rai yangu, ndilo lililotangulia kwa taathira. Malezi hayo yalikuwa na furaha zake pia: katikati ya mwezi wa Shaabani watoto walizunguka mitaani na mifuko, wakiimba, wakipewa peremende na njugu.