Nyufa za Guqin

Katika ala za muziki za Uchina hakuna iliyotukuzwa na wasomi kuliko guqin. Ni sanduku refu la mbao, tupu ndani, lenye nyuzi 7 juu. Fundi hulipaka kwanza utomvu wa mti uliochanganywa na unga wa pembe za kulungu, kisha utomvu mtupu, tabaka juu ya tabaka, hata uso wake ung'ae. Miaka ikipita, mbao hunywea na kutanuka kwa majira, nyuzi huzitikisa, na ngozi ile ngumu hupasuka nyufa nyembamba. Jambo ambalo katika kiti lingehesabiwa uchakavu, katika guqin likawa heshima.

Zhao Xigu, mtu wa ukoo wa wafalme wa Song aliyeandika juu ya vitu vya kale katika karne ya 13, alisema kuwa guqin haipasuki kabla ya kutimiza miaka 500. Kwa hesabu hiyo, ala yenye nyufa ilikuwa ya zama za Tang, na bei yake ilifuata. Nyufa nyingine zilifanana na tumbo la nyoka; nyingine, adimu zaidi, na maua ya mplamu.

Basi waghushi wakatokea. Wengine, asema Zhao, walitandika karatasi nyembamba chini ya utomvu, ili ikikatika iache mistari. Wengine walichora kwa kisu. Hila kali kuliko zote ilifanywa wakati wa baridi: ala iliokwa juu ya moto mkali, kisha ikafunikwa theluji ghafula, nayo ngozi ikapasuka papo hapo. Ala iliyotengenezwa ili itoe sauti iliponzwa ili ipewe umri.

Ufa wa kweli, alisema, una makali kama ya upanga, na wa kughushi hauna. Shauri jema, ila kitabu kilichomfundisha mnunuzi kilimfundisha na mghushi pia. Wala ile miaka 500 haikuwa kipimo imara, kwa kuwa nyufa hutegemea pia mapako na hali ya hewa.

Katika Jumba la Makumbusho la Kasri, mjini Beijing, imo guqin iitwayo Dasheng Yiyin. Ndani ya tumbo lake imeandikwa tarehe iliyo sawa na mwaka 756. Wajuzi huyasoma maandishi hayo pamoja na nyufa, maana maandishi nayo yamewahi kughushiwa.