Hakiki, thibitisha na kagua: vitenzi vitatu vya faili la simu

Vitenzi hakiki, thibitisha na kagua vinakaribiana kimaana, na katika mazungumzo ya kawaida msemaji huweza kuvibadilishana bila madhara makubwa. Katika kazi ya kubadili mfumo endeshi wa simu janja kwa kutumia kompyuta, hali ni tofauti. Kila kimoja hubeba tendo lake na hujibu swali lake, na maelekezo yanayovichanganya huweza kumwachia fundi simu isiyowaka tena. Makala haya yanaeleza mipaka ya vitenzi hivyo, pamoja na maneno machache yanayoambatana navyo: kupakua, kuflashi, kufomati na chelezo.

Kazi yenyewe

Mjini Songea, kama katika miji mingine ya Tanzania, kazi hii hufanywa na mafundi simu wa vibandani. Simu iliyoganda kwenye nembo ya kampuni, au inayojizima na kujiwasha bila kikomo, huletwa na mwenyewe, pengine kutoka Peramiho, Namtumbo au Mbinga. Fundi huiunganisha na kompyuta kwa waya, hutafuta faili la mfumo linaloifaa, kisha huliandika upya katika kumbukumbu ya simu. Faili hilo huweza kufika gigabaiti kadhaa. Likipakuliwa kwa kifurushi cha intaneti, mtandao ukikatika katikati, hufika pungufu. Na kwa kuwa vifurushi vina gharama, mafundi hupeana nakala mkono kwa mkono, kutoka flashi moja hadi nyingine. Nakala ya tano haina kumbukumbu ya mahali ilikotoka ya kwanza.

Mwenye simu hangoji chombo peke yake. Ndani yake mna picha ambazo hazipo penginepo, namba za wanunuzi wa mahindi, ujumbe wa watu ambao pengine hawapo tena. Ndiyo maana uteuzi wa kitenzi katika mwongozo wa kazi hii unastahili uangalifu uleule unaotolewa kwa maandishi ya kwenye chupa ya dawa.

Kupakua na kuflashi

Pakua ni neno la jikoni na la bandarini: kutoa chakula chunguni na kukiweka sahanini, au kushusha shehena. Matumizi ya kompyuta yameendeleza maana hiyo bila kuivunja, kwani faili linatolewa lilipo na kuletwa kwa anayelihitaji. Kinyume chake, pakia, hakina bahati hiyo. Hutumika kwa kupeleka faili kwenye intaneti na pia kwa kuliingiza faili katika simu, na mfasiri anayeandika "pakia faili" bila kutaja linakokwenda amemwachia msomaji kitendawili.

Kuflashi kumeenea mno katika lugha ya mafundi kiasi kwamba kukuepuka ni kujitafutia kutoeleweka. Tatizo lake ni kwamba flashi, nomino, ni kile kifaa kidogo cha kuhifadhia mafaili kinachochomekwa kwenye kompyuta. "Weka faili kwenye flashi" na "flashi faili" ni maagizo mawili yasiyofanana hata kidogo: la kwanza hunakili, la pili hufuta kilichokuwapo na kuandika kingine. Katika maandishi rasmi, kuandika upya mfumo wa simu hueleweka bila utata, na kuflashi kunaweza kutajwa mara moja mwanzoni ili fundi ajue kinachosemwa. Sakinisha, kitenzi kilichojengwa juu ya sakini, yaani kukaa mahali, kinafaa zaidi kwa programu inayokuja kukaa pamoja na nyingine ndani ya mfumo uliopo. Hakifai kwa mfumo unaowahamisha wakazi wote.

Hakiki: je, kilichofika ndicho kilichotumwa?

Wanafunzi wa fasihi hukutana na hakiki katika uhakiki wa riwaya na tamthilia, wakazoea kuliona kama neno la kutoa hukumu. Katika matumizi ya umma Tanzania neno hili lina maana finyu zaidi: kulinganisha kilicho mkononi na kumbukumbu ya asili. Katika uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ambao taarifa yake ilikabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma mwezi Aprili 2017 ikiwa na majina ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, hakuna aliyepima uzuri wa cheti. Kilichofanywa ni kulinganisha. Vivyo hivyo mtu anayepiga *106# ili kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake hulinganisha orodha ya kampuni na anachokijua mwenyewe.

Maana hiyo ndiyo inayohitajika kwa faili la simu. Kompyuta hulipitisha faili lote katika kanuni ya hesabu na kutoa msururu mfupi wa tarakimu na herufi, ambao hapa utaitwa alama ya hakiki. Kanuni ya MD5, iliyotungwa na Ronald Rivest mwaka 1991, hutoa alama yenye tarakimu na herufi 32. Ile ya SHA-256, iliyotolewa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwanzoni mwa miaka ya 2000, hutoa 64. Ikibadilika biti moja tu kati ya mabilioni, alama yote hubadilika sura. Fundi hupata alama ya faili alilonalo kwa amri `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili na neno `SHA256` katika Windows, au `sha256sum` katika Linux, kisha huilinganisha na alama iliyotangazwa na mtengenezaji. Zikifanana, faili limefika zima.

Kwa hiyo sentensi sahihi ni: *Hakiki faili kabla ya kuliandika katika simu.* Kusema "soma faili kwa makini" hakutoshi, wala "hakikisha faili".

Programu nyingine hufanya uhakiki zenyewe. Mafaili ya mfumo wa Samsung yanayotumiwa na programu ya Odin huishia kwa herufi `.tar.md5`, na alama ya MD5 imeambatishwa mwishoni mwa faili lenyewe. Odin huhesabu upya na kulinganisha kabla ya kuanza. Ipo hila inayozunguka miongoni mwa mafundi ya kukata `.md5` katika jina pale Odin inapokataa faili. Programu haioni tena alama ya kulinganisha, nayo huendelea na kazi. Faili halijapona, kilichoondolewa ni aliyekuwa akilichunguza.

Thibitisha: je, limetoka kwa nani?

Alama ya hakiki haina uwezo wa kusema faili ni la nani. Mtu aliyetia programu ya wizi ndani ya faili la mfumo huweza kukokotoa alama mpya na kuibandika kando ya faili lake. Fundi atakayelinganisha ataona zinafanana, na ni kweli zinafanana. Aidha, tangu mwaka 2004, watafiti wa China wakiongozwa na Xiaoyun Wang walipoonyesha kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kutengenezwa yakapata alama moja ya MD5, kanuni hiyo imebaki na kazi ya kugundua faili lililoharibika njiani, si lile lililoharibiwa kwa makusudi.

Hapa ndipo kithibitisho kinapohitajika. Thibitisha ni kufanya jambo liwe thabiti, lenye mahali pa kusimamia. Mtengenezaji hutia saini ya kidijitali kwa ufunguo wake wa siri, na ufunguo wa wazi ulioko ndani ya simu huikubali au kuikataa. Mkulima wa Ruvuma aliyewahi kupeleka mahindi kituoni anaifahamu tofauti hii kwa njia ya mzani. Kuweka juu yake jiwe la uzito unaojulikana na kusoma kipimo ni kuuhakiki. Stika ya Wakala wa Vipimo iliyobandikwa ubavuni inasema ni nani aliyeukubali. Mzani wenye stika ya kughushi unaweza kusoma sawasawa leo, na mzani wenye stika halali unaweza kuwa umeanguka jana. Ni vema kuuliza maswali yote mawili.

Katika simu za Android zenye programu ya kuwashia iliyofungwa, uthibitishaji huo hufanyika kila simu inapowashwa, na mfumo usio na saini inayotambulika hukataliwa. Kuifungua programu hiyo, hatua ambayo wanaobadili mifumo huianza nayo, kwa kawaida hufuta data yote ya mwenye simu. Mwongozo usiolitaja hilo kabla ya amri yenyewe ni mwongozo mbovu, hata Kiswahili chake kiwe fasaha vipi.

Ugumu wa thibitisha umetokana na mafanikio yake. Menyu za huduma za pesa kwa simu zimewazoesha Watanzania kuweka namba ya siri ili *kuthibitisha* muamala, na ujumbe wa M-Pesa huja na neno *Imethibitishwa*. Katika matumizi hayo mtumiaji ndiye anayethibitisha, kwa maana ya kutoa idhini. Neno hilohilo likiwekwa kwenye kitufe cha programu ya kompyuta, msomaji huelewa anaombwa kukubali, naye hubonyeza. Anadhani ameruhusu, kumbe alitakiwa kusubiri mashine ichunguze. Au kinyume chake, anadhani mashine imechunguza, kumbe imempa ruhusa tu ya kuendelea. Mfasiri mwenye nafasi ya kuchagua na aandike *kubali* au *ridhia* pale mtumiaji anapotoa idhini, na athibitishie saini pekee thibitisha. Tafsiri za programu zilizopo zimekwisha kuchanganya mambo haya, na haielekei zitabadilika karibuni. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kwa programu hizo hana budi kumwonyesha mwanafunzi ni thibitisha ipi iliyo mbele yake.

Kagua: je, linaifaa simu hii?

Faili huweza kuwa zima, likawa na saini halali, na bado likaiua simu kwa sababu ni la modeli nyingine. Simu mbili zenye jina moja dukani huweza kuwa na vichakataji tofauti, na tofauti hiyo huonekana katika herufi moja ya mwisho ya namba ya modeli. Kazi ya kusoma namba hiyo, toleo la mfumo na tarehe ya faili ni ya macho na akili, na kitenzi chake ni kagua. Mkaguzi hutazama vitu vingi na kuamua. Mhakiki wa faili hulinganisha kitu kimoja na kingine. Toleo nalo lina uzito, kwa kuwa simu nyingi za sasa hukataa kurudishwa kwenye mfumo wa zamani kuliko ulio ndani yake.

Kufuta, kufomati, na namba tambulishi

Futa ni neno la jumla, na ujumla wake una gharama. Katika SP Flash Tool, programu inayotumika kwa simu zenye vichakataji vya MediaTek, mna chaguo la kuandika mfumo bila kugusa sehemu nyingine, na chaguo la kufomati kumbukumbu yote kwanza. La pili hufuta pia sehemu inayohifadhi IMEI, namba tambulishi yenye tarakimu 15 inayoonekana kwa kupiga *#06#. Simu hurudi ikiwaka vizuri lakini haishiki mtandao. Kinachofuata mara nyingi ni kishawishi cha kuiwekea namba yoyote ile. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imefanya kubadili namba hiyo kuwa kosa, na tangu tarehe 16 Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia nchini, umma unajua kwamba namba tambulishi inafuatiliwa. Mwenye shaka huweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090.

Katika maelekezo, basi, *futa* ifuatwe daima na kinachofutwa: *futa data ya mtumiaji*, *futa sehemu ya mfumo*. *Kufomati kumbukumbu yote* kubaki kama kulivyo, kwa sauti yake ngeni, maana ugeni huo humfanya msomaji asite.

Chelezo na nakala rudufu

Baadhi ya tafsiri za simu zilichagua chelezo kwa nakala inayowekwa kando kabla ya kazi. Neno hilo, lenye asili moja na elea, ni la watu wa vyombo: boya, au mahali pa kukarabatia majahazi. Sitiari ni nzuri, na pengine wavuvi wa Mbamba Bay wangeifurahia, lakini kwa wasomaji wengi wa bara haifiki. Nakala rudufu ni ndefu zaidi na inaeleweka mara moja. Ikumbukwe tu kwamba nakala rudufu nayo huhakikiwa. Nakala isiyowahi kufunguliwa haijulikani kama ni nzima.

Sarufi

Faili liko kamusini katika ngeli ya LI-YA (*faili hili, mafaili haya*), ingawa tafsiri nyingi za simu hulitumia katika I-ZI (*faili hii, faili hizi*). Zote mbili husikika. Kilicho kibaya ni kuzichanganya katika ukurasa mmoja.

Hakiki na hakikisha hazibadilishani. Hakiki huchukua yambwa moja kwa moja: *Fundi alihakiki faili mara mbili.* Hakikisha huelekea zaidi kwenye kishazi: *Hakikisha kwamba betri ina chaji ya kutosha.* Anayeandika "hakikisha faili" humwacha msomaji akingoja sentensi iendelee. Kutokana na hakiki hupatikana uhakiki, mhakiki na hakikiwa. Kutokana na thibitisha, uthibitishaji (tendo), kithibitisho (kinachoonyeshwa) na uthibitisho (hali inayopatikana). Kwa saini ya kidijitali, kinachoambatishwa na faili ni kithibitisho: *Faili hili limehakikiwa, lakini halina kithibitisho cha mtengenezaji.*