Posho ya Babu

Niliposoma kwamba askari wa King's African Rifles walikula nyama ya kopo na biskuti ngumu vitani Burma mwaka 1944, nilinunua vyakula vya namna hiyo hapa Arua Hill, nikavionja. Nyama ilizidi chumvi. Biskuti zililainika kwenye chai tu. Babu, aliyekuwa askari wa jeshi hilo kabla ya uhuru wa 1962, alikataa. "Mjukuu wangu, posho yangu niliimaliza kambini."

Kwa Kiswahili, lugha ya jeshi hilo, posho ni chakula anachogawiwa askari au kibarua. Uganda, neno hilo limekuwa jina la ugali wa mahindi. Nyumbani kwetu, Babu hula ugali wa muhogo na mtama. Sasa najua kwa nini.