Makro
Neno hili lina asili ya Kigiriki, makros, yaani refu au kubwa, lakini leo tunalisikia kwenye lenzi za kupigia picha vitu vidogo: pete, shanga, mdudu. Kampuni ya kamera ya Nikon, yenyewe, huziita lenzi hizo Micro. Kwa mpiga picha makini, makro ni uwiano wa 1:1: punje ya mchele yenye milimita 6 huangukia kwenye kihisi cha kamera ikiwa na milimita 6 zilezile. Lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi za DSLR hufikia takriban theluthi tu ya hapo. Ndiyo maana nakataa kila picha ya karibu kuitwa makro. Unayenunua kamera ya kwanza, muulize muuzaji kabla ya kulipa: uwiano wa lenzi hii ni upi?